Eugen Sandow: Bingwa wa vyuma vizito aliyeuza mazoezi mepesi ya nyumbani

Kwa zaidi ya robo karne, jina la Sandow lilikuwa na maana moja na neno nguvu katika sehemu kubwa ya Ulaya. Mwili wake ulikomazwa na vyuma vizito, lakini mali yake ilitokana na vyuma vyepesi ambavyo karani yeyote aliweza kuvihifadhi chini ya kitanda. Mabishano yaliyozuka kati ya mambo hayo mawili hayakumalizwa hata na kifo chake cha mwaka 1925.

Eugen Sandow hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Aprili 2, 1867 katika mji wa Königsberg, uliokuwa wakati huo sehemu ya Prussia na ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, akaitwa Friedrich Wilhelm Müller. Mama yake alikuwa na asili ya Kirusi, na jina la jukwaani alilotwaa baadaye linaelezwa kuwa lilitokana na ukoo wa mama huyo. Katikati ya miaka ya 1880, umri wa kuitwa jeshini ulipomkaribia, kijana huyo aliondoka kwao na kujiunga na sarakasi. Akawa akihama kutoka nchi moja hadi nyingine, akiruka na kupinduka mbele ya watu kwa malipo madogo.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alikuwa mtoto dhaifu. Baba yake, kwa mujibu wa simulizi hiyo, alimpeleka Italia, na huko alipoziona sanamu za mashujaa wa kale aliuliza kwa nini wanaume wa zama zake hawafanani nazo. Waandishi wa maisha yake wameitilia shaka hadithi hiyo, na wana sababu. Ni hadithi inayomfaa mno mtu mwenye bidhaa ya kuuza. Mtoto dhaifu aliyegeuka kuwa pande la mtu ni tangazo linalotembea. Aliyezaliwa na kifua kipana hana la kumfundisha mwenziwe.

Mwalimu wa Brussels

Kilicho wazi zaidi ni yaliyotokea Ubelgiji. Mjini Brussels, Sandow alikutana na Mjerumani mwenzake, Louis Durlacher, mzaliwa wa Karlsruhe, aliyejulikana katika kumbi za burudani kwa jina la Profesa Attila. Huyu alikuwa mnyanyuaji wa jukwaani aliyeanza kuwa na umri wa kutafuta mrithi. Alimkuta kijana mwepesi, mwenye viungo laini vya mwanasarakasi, akamweka mbele ya vyuma vizito.

Mafunzo ya Attila yalisimama juu ya jambo moja ambalo leo kila mwalimu wa mazoezi hulitaja, lakini ambalo wakati ule halikuwa elimu ya kawaida. Msuli hukua pale tu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea. Mzigo wa jana ukishakuwa mwepesi, ule wa leo hauna budi kuzidi. Kwa sababu hiyo Attila anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia chuma kirefu chenye matufe matupu kwenye ncha zake mbili, matufe ambayo yaliweza kujazwa risasi kidogo kidogo ili uzito uongezeke kadiri mwanafunzi alivyoimarika. Chini ya mikono yake Sandow alijifunza mtindo uliokuja kumpatia sifa. Chuma hushikwa begani kwa mkono mmoja, kisha mwili huinamishwa upande wa pili hadi mkono unyooke wenyewe chini ya mzigo, na mwisho mnyanyuaji husimama wima. Kwa mtindo huo Sandow aliweza kuinua zaidi ya kilo 120 kwa mkono mmoja. Kimo chake kilikuwa sentimita 175 hivi tu.

Nafasi ya kuonekana ilipatikana London. Mwaka 1889, katika ukumbi wa Royal Aquarium, mtu aliyejiita Sampson alikuwa akijitangaza kuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote duniani, naye aliahidi kitita cha pauni 500 kwa yeyote ambaye angeweza kurudia vitendo vyake. Kumbi za namna hiyo zilijaa hila: matufe yaliyosemekana kuwa mazito yakiwa matupu ndani, minyororo iliyolegezwa pingili moja kabla ya onyesho. Sandow alijitokeza kutoka miongoni mwa watazamaji. Kwanza alimshinda Cyclops, mwanafunzi wa Sampson, na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, akamshinda Sampson mwenyewe. Asubuhi iliyofuata London ilikuwa na shujaa mpya.

Mwili kama maonyesho

Mwaka 1893 Sandow alivuka bahari kwenda Marekani. Mjini Chicago, kulikokuwa na maonyesho makubwa ya dunia, alichukuliwa na kijana mfanyabiashara wa burudani, Florenz Ziegfeld. Huyu aligundua jambo ambalo wengine hawakuliona: watu walivutiwa na mwili wa mnyanyuaji kuliko mizigo aliyoinyanyua. Taa zikaelekezwa kwenye misuli. Wanawake wa tabaka la juu waliruhusiwa nyuma ya jukwaa kuugusa mkono wa Sandow. Dudley Sargent, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, alimchunguza na kumpima. Mwezi Machi 1894 alisimama mbele ya kamera ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey, akazungusha mabega na kukaza mikono kwa sekunde chache, na kwa hiyo ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuonekana katika picha zinazotembea. Mwaka huohuo, San Francisco, alishindanishwa na simba aliyefungwa mdomo na kuvishwa mifuko miguuni. Mnyama huyo hakuonesha hamu yoyote ya kupigana, na watazamaji waliolipa kiingilio walihisi wamechezewa.

Ziara hiyo ndiyo iliyoibadili kazi yake. Mtu anayelipwa kwa kunyanyua lazima apande jukwaani kila usiku, na mgongo wake una siku za kuhesabika. Mtu anayeuza njia ya kufanana naye hana kikomo hicho. Alirudi Uingereza akiwa ameoa. Mkewe, Blanche Brooks wa Manchester, alifunga naye ndoa mwaka 1894, nao wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 1897 akafungua taasisi ya mazoezi katika mtaa wa St James's, mahali pa waheshimiwa wa London, na mwaka huohuo akachapisha kitabu cha kufundisha namna ya kupata nguvu. Mwaka uliofuata likaja jarida lake.

Chumba cha karani

Kitabu hicho hakikumwelekeza msomaji kwenye vyuma vya Attila. Kilimpa vyuma vidogo vya mkononi, ambavyo uzito wake ulikuwa wa paundi chache tu, na kwa mtu mzima mara nyingi haukuzidi paundi 5, yaani kilo 2 na ushei. Msomaji alitakiwa asimame mbele ya kioo, aukunje na kuukunjua mkono, na aelekeze akili yake yote kwenye msuli unaofanya kazi. Marudio yaliongezwa kidogo kidogo kadiri siku zilivyopita. Baada ya hapo ni maji baridi, kisha kazini.

Sababu za wepesi huo zinaeleweka mtu akitazama maisha ya mnunuzi. Miji ya Uingereza ilikuwa imefurika makarani, wauza duka na wanafunzi waliokaa kitini kutwa nzima na kulala katika vyumba vya kupanga. Chuma cha kilo 80 hakipiti kwenye ngazi nyembamba ya nyumba ya kupangisha, na kikidondoka usiku huleta ugomvi na mwenye nyumba. Kumbi za mazoezi zilikuwa chache, na aliye mwembamba aliona haya kuvua shati mbele ya wenye vifua. Zaidi ya hayo, madaktari wengi wa enzi hizo waliamini kwamba vyuma vizito hupanua moyo kupita kiasi, hupasua ngiri na kuukakamaza mwili hadi upoteze wepesi wake. Mzazi aliyekuwa tayari kumnunulia kijana wake vyuma vya Sandow asingethubutu kumpeleka kwa watu kama Attila.

Kwa hiyo mafunzo yalikwenda kwa posta. Mwanafunzi alijipima shingo, kifua, mkono na paja kwa utepe, akayaandika maelezo yake na kuyatuma London pamoja na ada. Naye alirudishiwa ratiba inayomhusu. Baadaye kiliongezwa kifaa ambacho huenda ndicho cha werevu zaidi kati ya vyote alivyouza: chuma cha mkononi kilichopasuliwa katikati kwa urefu wake, na kati ya vipande hivyo viwili pakawekwa springi. Mtumiaji alilazimika kukikamua wakati wote ili vipande vikutane, na springi ziliweza kuongezwa kadiri alivyopata nguvu. Kanuni ya Attila ya kuongeza mzigo ilikuwamo humo, lakini ilikuwa imepunguzwa hadi kufikia nguvu ya kiganja. Kiganja kiliweza kudaiwa zaidi kila mwezi. Mapaja na mgongo vilibaki palepale.

Kuna mhusika mmoja wa kubuni anayeeleza hatima ya vifaa hivyo kuliko takwimu yoyote. Katika riwaya ya James Joyce iitwayo Ulysses, iliyochapishwa mwaka 1922, Leopold Bloom wa Dublin anakumbuka kwamba inampasa ayarudie mazoezi ya Sandow. Kitabu anacho rafuni, na vipimo vyake vya mwili vya kabla na baada ya miezi miwili ya mazoezi vimeandikwa. Vilikuwa vimeongezeka, kisha akaacha. Ni vigumu kufikiri kwamba Joyce alilitunga jambo hilo bila kuwafahamu watu wa aina hiyo. Ndani ya nyumba hakuna anayemsubiri mwanafunzi, na chuma kikisukumwa chini ya kitanda hakilalamiki.

Wapinzani wenye mizigo

Upinzani mkali zaidi ulitoka kwa watu waliojua uzito wa chuma. Mwezi Februari 1898, katika mji wa Sheffield, Sandow alipanda jukwaani kwenye onyesho la kundi la Saxon, lililoongozwa na Arthur Saxon, kijana wa Leipzig ambaye hakuwa na umbo la sanamu lakini alikuwa na nguvu ya kutisha. Mtindo wa mkono mmoja ulikuwa ndio fahari ya Sandow, na chuma cha Saxon kilimtaabisha mbele ya watu. Akina Saxon wakaanza kujitangaza kuwa wamemshinda. Sandow alikwenda mahakamani ili wazuiwe kutumia jina lake katika matangazo hayo, na sheria ikawa upande wake. Kesi aliishinda, lakini chuma hakihukumiwi na hakimu: Saxon alikuja kuinua kiasi cha kilo 168 kwa mtindo uleule, kiwango ambacho Sandow hakuwahi kukikaribia.

Nchini Marekani, Alan Calvert alikuwa kijana aliyevutiwa na Sandow wakati wa ile ziara ya 1893. Alihitimisha kwamba vyuma vyepesi visingeweza kumfikisha alikotaka, na mwaka 1902 akaanzisha mjini Philadelphia kampuni ya Milo, iliyotengeneza vyuma virefu ambavyo uzito wake huongezwa na kupunguzwa. Ilikuwa ni kanuni ya Attila ikirudi, safari hii ikiuzwa kwa umma. Mkuki ukatupwa pia kutoka upande wa pili. Mwaka 1904 Mdenmark Jørgen Peter Müller, ambaye kwa bahati alichangia na Sandow jina la ukoo alilozaliwa nalo, alitoa kitabu cha mazoezi ya dakika 15 kwa siku yasiyohitaji chuma chochote, ila maji baridi na kuusugua mwili kwa viganja. Kwake yeye misuli mikubwa haikuwa na thamani. Mapafu, ngozi na tumbo ndivyo vilivyostahili kulindwa. Kitabu chake kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya, na mwandishi Franz Kafka wa Prague alikuwa mfuasi wake aliyefanya mazoezi hayo mbele ya dirisha lililo wazi.

Sandow akajikuta katikati: mzito mno kwa wafuasi wa Müller, mwepesi mno kwa Calvert na Saxon. Hakuwa tapeli wa kawaida. Watu wengi waliofuata ratiba zake walinyooka migongo, wakapata usingizi na pumzi, kwa sababu mtu asiyefanya lolote hufaidika na karibu chochote. Elimu ya michezo ya leo inampa haki sehemu fulani: mzigo mwepesi ukirudiwa hadi msuli uchoke kabisa, msuli hukua. Lakini elimu hiyohiyo inasema pia kwamba nguvu ya kuinua kizito haipatikani pasipo kuinua vizito. Kosa la Sandow lilikuwa katika picha. Kila ukurasa wa matangazo ulimwonesha yeye, mwanafunzi wa Attila, kisha ukampa msomaji chuma cha kilo mbili na kumwacha aamini kwamba hivyo viwili vinafuatana.

Usiku wa Albert Hall

Kilele cha umaarufu wake kilikuwa Septemba 14, 1901. Royal Albert Hall ilijaa maelfu ya watu waliokuja kuona shindano kubwa la miili, hitimisho la mchujo uliofanyika katika majimbo mbalimbali ya Uingereza kwa wanafunzi wa mfumo wake. Washindani wapatao 60 walisimama mbele ya waamuzi watatu: Sandow mwenyewe, mchongaji sanamu Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Alama zilitolewa kwa uwiano wa viungo, hali ya ngozi na afya ya jumla, wala haikutosha mtu kuwa na misuli minene. Hakuna aliyedaiwa kilo kadhaa ili apate ushindi. Aliyeshinda ni William Murray wa Nottingham, akakabidhiwa sanamu ndogo ya dhahabu yenye umbo la Sandow. Mapato yalipelekwa kwenye mfuko wa waathirika wa vita vya Afrika Kusini, vita ambavyo vilikuwa vimeifedhehesha Uingereza kwa idadi ya vijana wa mijini waliokataliwa na jeshi kwa udhaifu wa mwili. Fedheha hiyo, ikumbukwe, ilimletea Sandow wateja wengi.

Katika miaka iliyofuata alizunguka Australia na New Zealand, kisha Afrika Kusini na India. Huko India alipokewa na umati, lakini hakufika kwenye nchi isiyojua mazoezi. Wanamieleka wa huko walikuwa na mila ndefu ya kujenga mwili kwa kuchuchumaa na kujisukuma kutoka ardhini mara mamia kwa siku, bila chuma, na pia kwa kuzungusha marungu mazito. Kwao swali la mazoezi ya nyumbani au vyuma vizito lilikuwa limeshajibiwa kwa kufanya yote mawili, tena kwa jasho ambalo hakuna mteja wa posta angelikubali.

Mwaka 1906 alipata uraia wa Uingereza, na mwaka 1911 Mfalme George wa Tano akamteua kuwa mwalimu wake wa elimu ya mazoezi ya mwili. Biashara ilipanuka hadi kwenye kakao ya kuongeza afya na nguvu iliyobeba jina lake. Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu aliyezaliwa Prussia alitazamwa kwa jicho la shaka hata kama alikuwa na barua ya mfalme, na kampuni ya kakao ikaanguka wakati wa vita hivyo. Hakurudi tena kwenye utajiri wa zamani.

Alifariki dunia London Oktoba 14, 1925, akiwa na umri wa miaka 58. Magazeti yalieneza habari kwamba alijidhuru kwa kulivuta peke yake gari lililotumbukia shimoni, lakini hati rasmi ilitaja kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu. Hadithi ya gari ilipendwa zaidi, kwa kuwa ilimrudisha kwenye mizigo mizito ambayo kwa karibu miaka 30 alikuwa akiwashauri watu waiache. Mkewe alimzika katika makaburi ya Putney Vale bila jiwe wala jina, na hakueleza sababu. Kaburi lilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka 75, hadi mashabiki na kisha mmoja wa wazao wake walipoweka alama. Mwaka 2009 bamba la kumbukumbu likabandikwa kwenye nyumba aliyoishi katika barabara ya Holland Park.

Tangu mwaka 1977, mshindi wa Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la kutunisha misuli, hukabidhiwa sanamu ya shaba ya Sandow. Katika sanamu hiyo hakushika chuma cha springi. Ameshika chuma kirefu chenye matufe mawili, kama vile vya Attila.